Makombe Niliyoyaosha

Mpendwa Baba Rehema,

Barua zangu zote za zamani nilizianza kwa kukuuliza hali. Leo sikuulizi. Umelala kwenye mchanga wa pwani, upande wa Mikindani, huu mwaka wa saba, na mimi nipo hapa hapa Kitangari uliponiacha, kwenye nyumba ile ile, mlango bado unakwama masika. Nakuandikia hadharani, watu wasome, kwa sababu aibu uliyoibeba uliibeba hadharani. Haikuwa yako. Ilikuwa yangu, na leo nimekuja kuichukua.

Mwezi uliopita nilishuka Masasi kumtembelea Rehema. Binti yako hajambo, amenenepa, na duka lao la mitumba limepata meza ya pili. Sasa mumewe alikuwa amemwekea mteja robota moja la mashati, akasahau kumwambia mkewe. Rehema akalifungua, akauza. Mteja alipokuja ikawa kelele. Alipoondoka, Rehema akamgeukia mumewe akamwambia, "Wewe kama marehemu baba! Kazi ya maana unamwachia mke bila kumwambia neno. Baba naye alikuwa mzembe hivyo hivyo." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nachambua kisamvu. Baba Rehema, niliendelea kuchambua kisamvu.

Mimi huyu! Mdomo wangu unaujua. Nimemsuta mwenyekiti wa kijiji mbele za watu, nimegombana na kila mnunuzi wa korosho mwenye mizani ya kupunja. Lakini hapo nilinyamaza, mtoto wako akakuita mzembe nikisikia.

Basi nianze mwanzo, ili na asiyetujua aelewe.

Ulikuwa mpakiaji kwenye ghala la ushirika. Magunia ya korosho uliyabeba tangu Rehema hajaota meno. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Ghafla kila mtu anauza, kila mtu ananunua, malori ya watu binafsi yanapanda hadi vichochoroni, Newala sokoni kuna redio na suruali za Ulaya nyingi kuliko mihogo. Ghala lenu likabaki na popo. Mkaambiwa mkapumzike nyumbani kwanza, mtaitwa. Ukapumzika mwaka mzima. Ukawa unakaa barazani unatazama mabega yako kana kwamba yamepotelewa na kitu.

Ndipo akaja yule mama mtaalamu wa miamba na gari lake lenye vumbi, akisimama kila penye genge la mawe anagongagonga na nyundo. Alikuwa anatafuta mtu mwenye nguvu na mkono mpole, wa kwenda kuchimba naye pwani. Akauliza, "Unajua kusoma na kuandika?" Ukajibu, "Kidogo." Loo! Nilikuwa nimesimama nyuma yako na ndoo, nusura nicheke. Hukujua hata kuandika jina la binti yako. Lakini ulinitazama kwa pembe ya jicho, nami nikatazama pembeni. Siri hiyo tuliifunga siku hiyo, mimi na wewe.

Ukaenda. Watu walivyokucheka! "Wenzake wanakimbilia pwani kununua bidhaa, yeye anakwenda kuokota makombe ya konokono!" Wakakupachika jina, Baba Makombe. Ulipokuja likizo ya kwanza ulilipokea jina hilo kwa kicheko, ukawaambia, "Haya si ya kuokota ufukweni. Haya tunayachimba kwenye ukingo, juu kabisa ambako maji ya leo hayafiki. Bahari iliwahi kupanda mpaka pale, ikarudi, ikayaacha." Wakasema umelewa jua la pwani.

Na mimi? Nilibaki. Rehema alikuwa ameolewa miezi minne tu kabla hujaondoka. Nilikuwa sijawahi kulala kwenye nyumba isiyo na pumzi ya mtu mwingine. Alfajiri nashuka bondeni kuteka maji, napanda na ndoo kichwani, nafika nyumbani jua limeshakuwa kali, nayamimina mtungini, halafu nakaa. Hakuna wa kumpa maji yale. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nakula nusu, nusu nampelekea jirani. Nilikuandikia barua za habari za mvua na mikorosho. Najua ulikuwa unawapa wenzako wakusomee, ukisingizia macho. Kwa hiyo sikuandika lililokuwa moyoni. Ningeliandikaje, lisomwe na mwanaume mwingine kambini?

Kisha ukarudi na ile mifuko.

Vifuko vya kitambaa thelathini na sita, ndani ya magunia mawili. Ulisema pwani unyevu unaozesha karatasi, huku kwetu juu ni kukavu, na mama mtaalamu atapita kuvichukua baada ya wiki tatu. Kazi yako ilikuwa kuyapanga makombe kwa uangalifu na kuandika upya karatasi za kila kifuko kwa mwandiko safi. Kambini ulikuwa umeweka alama zako mwenyewe kwa mkaa kwenye karatasi hizo: nukta, vijiti, duara lenye mkia. Mama yule alidhani ni utundu wako tu. Ukazitandaza barazani, ukaniambia, "Mama Rehema, sasa nisaidie mkono wako."

Wiki zile tatu, Baba Rehema, nakwambia leo kwa kuwa sikuwahi kukwambia, ndizo nzuri kuliko zote nilizoishi nawe. Tukishakunywa chai tunatandika mkeka. Wewe unatamka, mimi naandika. "Shimo la pili, tabaka la tatu kutoka chini." Naandika. "Shimo la pili, tabaka la nne." Naandika. Kidole chako kinene kama mhogo unakipitisha kwenye kombe la konokono dogo kuliko ukucha, na halivunjiki. Nilikutazama nikawa nasahau nimefika neno gani.

Ulinifundisha. Tondo, konokono wa kwenye tope la mikoko, walikuwa chini kabisa, na juu yao walikuja kauri na chaza wakubwa wa kwenye matumbawe. Kwa hiyo, ukasema, pale kwanza palikuwa na mikoko, halafu bahari ikapanda ikaizamisha. Nikakuuliza ni zamani ya lini. Ukasema kabla ya Mmakonde, kabla ya Mmakua na Myao, kabla ya mtu yeyote kuteka maji ya kunywa. Lakini rangi ilikuwa bado ipo! Kuna kauri mmoja alikuwa na madoa ya kahawia kwa mbali, kama khanga iliyofuliwa sana. Ukanipa nimshike.

Na ulinieleza hili, tena mara nyingi, mpaka nikakutania kuwa unanisomesha darasa: "Kombe peke yake si kitu. Ukitaka ufukweni yamejaa. Hili lina thamani kwa sababu tunajua lilikaa tabaka gani na majirani zake walikuwa nani. Ukilichanganya na ya tabaka jingine, basi, limekuwa bubu. Hata Mama Mtaalamu na miwani yake hawezi kulisemesha tena."

Nilielewa. Watu wote wanaosoma hapa wasikie: nilielewa vizuri sana. Karatasi zote thelathini na sita niliziandika mimi.

Siku moja, kazi ikiwa imebaki kidogo, ulisema huku macho yanakung'aa, "Mtaalamu anasema mwakani Kilwa. Mwaka unaofuata Tanga huko. Hebu fikiria, Mama Rehema, pwani nzima!" Mimi nilisikia Kilwa, nikasikia Tanga, masikio yakaziba. Huenda ulikuwa na neno la pili. Sikulisubiri. Nilisimama nikaenda jikoni, nikakaa karibu na moto wala sikuwa na sufuria juu yake. Nikajiambia, huyu mwanaume ameshaondoka. Hapa amekuja kupumzika tu.

Ningeweza kutoka nikakwambia, "Kaa." Neno fupi namna hiyo. Niliyekuwa na maneno ya kumtosha kila mtu wa kijiji hiki, hilo moja lilinishinda. Niliona haya. Mwanamke mzima na binti ameolewa, eti anamlilia mume asiende kazini, wakati wenzake hawana hata kazi.

Siku mbili kabla mgeni hajafika ulikwenda Newala. Ukaniachia mifuko ikiwa imepangwa vizuri ukutani, ukaniambia tu, "Iangalie kuku wasiipande." Ulipopotea njiani nilichukua madumu mawili nikashuka bondeni. Nikateka, nikapanda. Nikashuka tena, nikapanda tena. Watu waliniona. Mama mmoja akaniuliza, "Leo una sherehe?" Nikamwambia, "Namsafishia mume wangu vitu vyake, mgeni anakuja."

Nikamimina makombe yote kwenye beseni. Vifuko vyote, mashimo yote, matabaka yote. Nikayaosha kwa maji ya madumu manne, moja moja, mchanga ukatoka, yakang'aa. Nikayaanika kwenye mkeka kwa uzuri: kauri huku, chaza kule, tondo mstari wao. Karatasi nikawashia jiko.

Nilijua ninachofanya. Nilitaka ufukuzwe kazi. Nilitaka Mama Mtaalamu akuone hufai, aende Kilwa yake na mtu mwingine, nawe urudi kukaa barazani na mabega yako. Na nilijua hakuna atakayenishuku. Nani hapa kwetu angemwaga madumu manne ya maji kwa ubaya? Huku mtu akikupa maji ya kunawa uso amekuheshimu. Maji yale yalikuwa ushahidi wangu, niliyabeba kichwani mwenyewe.

Ulirudi alasiri. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimevaa khanga safi. Ulitazama mkeka. Ukachutama, ukaokota kauri mmoja, ukamgeuza, ukamrudisha pale pale.

"Karatasi ziko wapi?"

"Nimewashia jiko."

Nilingoja unipige, ingawa hujawahi kunipiga. Nilingoja hata unitukane, maana matusi yangekuwa nafuu. Ukauliza, "Umeshuka bondeni mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Pole kwa kazi," ukasema. Ukaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Mgeni alipokuja nilimpikia kuku. Alipoona mkeka alishika kichwa. Majirani walikuwa wamejaa kutazama gari, na mbele ya wote wewe ukasimama ukasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Kosa ni langu. Sikumwambia mke wangu kama haviguswi. Yeye hajui habari hizi, alitaka kunisaidia tu." Hukunitazama ulipokuwa unasema. Na mimi, Baba Rehema, niliinamisha uso kama mtu asiyejua. Akina mama wakanishika mabega. "Maskini, na maji yote yale!" Wakakutazama wewe kwa jicho baya. Mwanaume gani anapewa dhamana kubwa, anaiacha ndani bila kumwambia mkewe neno?

Hapo ndipo lilipotoka jina la uzembe. Jioni ile ile lilishafika Newala, na kabla ya mwezi kuandama lilishafika Masasi kwa Rehema. Tena wewe mwenyewe ulimthibitishia. Alipokuja kukuuliza kabla hujaondoka, ulimwambia vile vile: sikumwambia mama yako.

Ungeweza kusema, "Mke wangu ndiye aliyeziandika karatasi zote, muulizeni." Ungemaliza maneno. Lakini ulikuwa umeshamwambia yule mama kuwa unajua kuandika, na zaidi ya hapo, hukutaka watu wajue mkeo amefanya nini. Najua ulijua. Hakuna siku nimejidanganya kuhusu hilo.

Wiki iliyofuata ukafunga furushi la nguo zako. "Narudi kuchimba upya," ukasema. "Mashimo nayakumbuka. Siku arobaini tu." Nikasema, "Mvua zinaanza." Ukasema, "Nitawahi." Nikakukaangia mihogo ya njiani. Bado neno lile fupi lilikuwa mdomoni, na bado sikulitoa. Nilikusindikiza mpaka panapopakia malori, ukapanda juu ya magunia ya korosho za watu wengine, ukanipungia mkono.

Sisi watu wa juu homa ya pwani haituonei huruma. Habari ilinifikia siku tano baada ya kuzikwa kwako. Barabara ilikuwa matope matupu, hakuna gari lililopanda wala kushuka, wakakuzika huko huko wenzako wa kambini. Sikukuosha. Nimeosha makombe ya baharini, mume wangu sikumwosha.

Arobaini yako ilipopita, Mama Mtaalamu alipanda kuja kunipa pole. Alikaa barazani penye mkeka ule ule. Nikamkaribisha maji. Akaniambia kwa upole, akidhani ananifariji: "Safari ile ya mwisho mimi sikumtuma. Nilimwambia aache, akakataa, akasema lazima airudishe kazi ya mikono yake kabla ya kupumzika. Maana alikuwa ameshaniaga, mama. Kabla hajapanda na ile mifuko aliniambia Kilwa nitafute mtu mwingine. Alisema, 'Binti ameolewa, mke wangu yuko peke yake, hii nikiimaliza narudi kukaa naye.'"

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kumbe lile ndilo lilikuwa neno la pili, Baba Rehema? Ulikuwa unataka kuniambia "pwani nzima, lakini mimi siendi"? Au ulikuwa umelihifadhi mpaka mifuko iondoke, uje uniambie mikono ikiwa mitupu? Nimeuliza ukuta, nimeuliza mtungi. Ungekaa. Bila mimi kufanya lolote, ungekaa. Safari iliyokuua ndiyo niliyoitengeneza mimi kwa mikono yangu.

Yule mama sikumwambia. Alilia kidogo kwa ajili yangu, akaondoka. Miaka hii yote watu wananionea huruma, na huruma yao naila kama chakula cha kuiba. Wananiletea mbaazi, wananitekea maji nikiumwa. Naamka naongea na wewe. Nakusuta, nakubembeleza, nakuuliza chumvi imekolea? Halafu nakumbuka. Nyumba imenyamaza kiasi kwamba nasikia mchwa wakila paa.

Nilidhani nitakufa nayo hii siri. Lakini sikujua nitamsikia Rehema akicheka. Mtoto anayecheka uzembe wa baba yake hajui kuwa baba yake alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote niliowahi kuwaona, ambaye kombe dogo kuliko ukucha halikuvunjika mkononi mwake, na ambaye alibeba kosa la mkewe mbele ya kijiji kizima bila kugeuza shingo kumtazama. Rehema anao mdomo wangu. Nataka awe na moyo wako, sasa atautoa wapi kama hajui ulikuwa nao?

Kwa hiyo nasema, na atakayesoma amwambie mwenzake: hakuwa mzembe. Aliniambia. Aliniambia mara nyingi, nikaandika kwa mkono wangu, nikaharibu nikijua.

Msamaha nimeshaukosa pa kuuombea. Wewe ulinipa pole, na sijui kama msamaha ulikuwemo ndani yake. Nimeigeuza pole ile miaka saba na bado sijui.

Kesho kutwa napanda gari kwenda Masasi. Barua hii Rehema ataisikia kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na nitamsomea mimi mwenyewe. Namjua. Kwa hili hatapiga kelele. Atanyamaza, kama wewe, na huenda akaniambia nirudi nilikotoka. Nikishampoteza yeye sina mwingine wa kupoteza. Naogopa, Baba Rehema. Lakini safari hii nitafungua mdomo.

Pumzika, mume wangu. Kaa.

Ni mimi mkeo,
Mama Rehema, kama mwenye jina ataniachia niendelee kuitwa hivyo.